Mtori kwa Gesi ya Maji

Jumatatu, 1 Desemba

Nimejifunga mwenyewe leo, na nina furaha! Nilipanda Uru kumwamkia Mzee Aminieli, baba yake Brenda wangu. Nikamkuta Elimringi, jirani yao mwenye ng'ombe wa maziwa na macho yasiyotulia Brenda akipita. Anasifia gesi yake ya samadi! Nikashindwa kuvumilia. Nikatangaza kwamba Jumapili, kwenye kipaimara cha mdogo wake Brenda, mtori wote, supu yetu ya ndizi na nyama, nitaupika mimi. Kwa gesi ya maji! Mzee akanitazama sana. Akasema mtori ukiiva nilete posa, usipoiva nisimsumbue tena. Sawa kabisa.

Jumanne, 2 Desemba

Brenda anafundisha kemia, na wazo ni lake, ingawa analikana. Aliwahi kunieleza kwamba unga mweupe wa titaniamu dioksaidi, ukiwekwa kwenye maji juani, unaweza kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Na mimi nauza rangi Pasua. Unga huo ndio unaoipa rangi weupe! Gunia zima liko dukani kwa Mama Hajira, mwajiri wangu.

Hakushangilia. Kasema unga ni mmoja ila fuwele zake hupangika tofauti, kama matofali yale yale mikononi mwa mafundi wawili. Wa dukani kwetu ni rutaili: chaji zinazoamshwa na jua hurudiana upesi na kufutana, maji yanabaki maji. Mpangilio wa pili, anatesi, huzichelewesha, ndiyo inafaa zaidi, na hata hiyo gesi yake ni kiduchu. Akaongeza kwamba anatesi ikichomwa sana hugeuka rutaili, na hairudi.

Hairudi! Amejaribu?

Jumatano, 3 Desemba

Nina akili mimi. Moto ukiigeuza huku, baridi itaigeuza kule. Nimeficha unga kwenye friza ya Mama Hajira, katikati ya barafu zake za ukwaju.

Alhamisi, 4 Desemba

Amegundua. Wateja wamelalamika kwamba barafu zimekuwa nyeupe. Nimefokewa mbele ya watu, nimesugua friza hadi vidole vimekufa ganzi. Haidhuru. Anatesi tupu, naiona kwa macho!

Ijumaa, 5 Desemba

Chupa za maji na unga juu ya bati. Puto kwenye mdomo wa kila chupa. Jua kali. Puto zimelala doro. Nikampigia Brenda, nikamuuliza kwa ujanja maabara wanafanyaje. Kasema huongeza kilevi kidogo, kinadaka chaji moja ili nyingine ipate kazi.

Kilevi! Nimekimbilia kwa Mama Bernadetha, muuza mbege, pombe ya ndizi. Nikamwaga maji, nikajaza mbege changa, bado inatoa povu.

Jumamosi, 6 Desemba

PUTO ZIMEJAA! Brenda kaniuliza kama nimejaribu kuwasha. Nimemjibu gesi ya sherehe haichezewi. Nimempigia Elimringi kumpa pole.

Jumapili, 7 Desemba

Wageni tele, ndizi zimemenywa, nyama imekatwa. Nikaunganisha puto na jiko. Mzee mwenyewe akawasha kiberiti. Kikazimika. Akawasha tena. Kikazimika. Mshumaa wa keki nao ukazimika! Brenda alicheka hadi akakaa chini, ndipo akaeleza kwamba hiyo ni hewa ukaa ya mbege inayochacha. Unga wangu haukufanya chochote.

Sufuria zikabebwa kwa Elimringi. Mtori ukaiva haraka, tena mtamu. Nimekula bakuli mbili kwa uchungu. Niliumia, kusema kweli. Niliona Brenda anaondoka hivi hivi.

Jioni Mzee akaniita. Kumbe naye alicheka, na hajacheka hivyo tangu mwaka uanze! Amenipa nafasi ya mwisho: Jumapili ijayo nimchemshie kikombe kimoja cha chai, hata kwa kuni, kisha nilete posa.

Jumatatu, 8 Desemba

Brenda ameniletea mzigo wa kuni, kavu kabisa. Ameniomba nichemshe chai tu, nisifikirie kitu. Ananipenda huyu!

Nimezitazama kuni hizo muda mrefu. Mtu wa sayansi, kuni?

Mama Bernadetha alikuwa anatafuta kuni za kuchemshia ndizi za mbege. Tumebadilishana: mzigo wote kwa madumu ya mbege. Kosa langu nimeshaliona. Unga ulikaa kwenye friza usiku mmoja tu! Safari hii utakaa hadi Jumapili. Mama Hajira ataelewa.