Honi ya Kiberenge Namba Tano

Nyamazeni, enyi mnaotafuna! Nawe uliyekaa karibu na mlango, weka chini kikombe. Na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari iendayo kusimuliwa hapa haijapata kuwa na mwenziwe tangu wanadamu walipojifunza kuyeyusha chuma na kukilaza njiani kikawa reli. Wapo wanaosimulia falme zilizoanguka na miji iliyotiwa moto. Hao na wasimulie, hatuwazuii. Sisi tuna asubuhi ya tarehe tatu Novemba, Siku ya Utamaduni, ambayo Hanezawa Tokuji wa mji wa Orisaka, Mpenya-mahandaki, Mfunga-breki-asiyemwaga-chai, alipigana na honi. Na honi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi, wala udogo wake haukumpunguzia ukali hata chembe.

Huyu Tokuji kwa miaka thelathini na minane aliendesha kiberenge namba tano cha reli ya Orisaka: behewa moja tu lenye injini yake tumboni, rangi ya maziwa juu, nyekundu chini, likipanda na kushuka bondeni na wanafunzi, vikongwe na vikapu vya uyoga. Kisha wakubwa wakahesabu abiria, wakaona vidole vya mikono miwili vinatosha na kimoja kinabaki, wakaing'oa reli. Leo palipopita treni wanapita waendesha baiskeli waliovaa nguo za kubana. Tokuji hakulia. Alinunua kisu kidogo, gundi na kioo cha kukuzia, akaketi sakafuni mbele ya meza fupi, akaanza kuijenga reli upya, kila kitu kikigawanywa kwa mia na hamsini: mlima kwa mia na hamsini, handaki kwa mia na hamsini, hata lile bango la stesheni lililokataza kulisha njiwa, nalo kwa mia na hamsini.

Kiberenge hakikupatikana dukani, maana nani angetengeneza kwa ajili ya kuuza mfano wa gari lililopandwa na watu tisa? Basi shujaa akanunua magari mawili ya reli nyingine, akayakata kwa msumeno mwembamba kama unywele, akaunga kichwa cha hili na kiwiliwili cha lile, akasugua maungio kwa msasa hata kucha zikaomba radhi. Akavikwangua vishikio vya plastiki vya milangoni, akatoboa matundu ya theluthi ya milimita, akapachika waya wa kweli. Ncha saba za keekee zilivunjika katika vita vile. Tokuji alizizika zote katika kopo la majani ya chai, kwa heshima.

Na ahadi yake kwa mji ilikuwa hii: siku ya maonyesho, katika ukumbi wa mtaa, saa nne na dakika kumi na mbili kamili, kiberenge namba tano kitaondoka stesheni ya Orisaka kama kilivyoondoka kila asubuhi ya Mungu. Bango lilikwisha kubandikwa. Vikongwe wa bonde zima walikwisha kunyoosha nguo zao. Na kama kiberenge hakitakuwa tayari, njia itakabidhiwa kwa daktari wa meno mstaafu, Munakata, mwenye mfano wa treni ya risasi, ile iendayo kasi kama risasi, ya mabehewa kumi na sita. Treni ya risasi katika reli ya Orisaka! Afadhali kumwogesha ngamia katika beseni la mtoto.

Saa mbili na dakika tano simu ikalia.

"Hanezawa, umeamka au bado unaota?"

"Niko macho tangu alfajiri, daktari. Kimebaki kitu kimoja."

"Kipi hicho?"

"Honi ya paani."

Munakata akacheka kicheko cha mtu aliyeng'oa magego elfu ishirini na hakulionea huruma hata moja. "Honi! Mzee, mikono yako inatetemeka kama tofu laini kwenye sahani. Kaa nyumbani unywe chai. Risasi yangu nimeshaitia mafuta, taa zinawaka mbele na nyuma. Vikongwe watapagawa."

"Risasi yako ikikanyaga daraja langu, nalichoma daraja."

"Daraja la kadibodi!"

"Kadibodi ya miezi minne, we mpasua fizi!"

"Saa nne na dakika kumi na mbili, bwana. Ya kumi na tatu sikupi."

Tokuji akakata simu, akafunga kitambaa kichwani, akateremsha kioo cha kukuzia juu ya miwani kama jemadari ateremshaye uso wa chapeo. Kulia kwake kibano cha chuma. Kushoto kijiti cha meno chenye tone la gundi ikaukayo upesi. Mbele yake kiberenge kinang'aa, kimekamilika pembe zote, ila juu ya paa kitundu kimoja cheusi kinangoja. Honi zilizokuja na kifurushi cha vipuri zilikuwa mbili. Ya kwanza iliruka wiki iliyopita ikamezwa na mashine ya kunyonya vumbi. Ya pili ndiyo hii, na ya tatu haikuumbwa.

Jikoni, mkewe Fusae alikuwa akifinyanga matonge ya wali ya kupeleka ukumbini.

"Baba Chizuru," akaita, "usije ukajigundisha kwenye meza kama mwaka juzi. Leo sina muda wa kukubandua."

"Mama Chizuru, usiniongeleshe. Napumua kwa hesabu."

Hapa yafaa ijulikane sheria moja ya nyumba ile. Watu wa reli wa nchi hii hawayaamini macho peke yake: dereva akiona taa ya kijani huinyooshea kidole na kuitaja kwa sauti, "Njia, wazi! Sawa!", ndipo huondoka. Tokuji alistaafu akaja na kidole chake nyumbani. Akalinyooshea jiko, akainyooshea birika, akamnyooshea paka wa jirani. Fusae alivumilia mpaka maziko ya mjomba wake, pale shujaa aliposimama katikati ya dua, mbele ya kasisi wa hekalu na ukoo mzima, akanyoosha mkono madhabahuni akanguruma, "Mshumaa wa kulia, unawaka! Sawa!" Siku ile Fusae akaweka sheria: ndani ya nyumba yangu hakinyooshwi kidole tena. Na mshinda mahandaki, asiyeogopa theluji wala maporomoko ya mawe, akaitii miaka tisa.

Sasa, enyi wasikilizaji, shikeni roho. Tokuji akainyanyua honi kwa kibano. Akaivusha juu ya bonde la meza. Akaichovya mkia katika gundi. Kitundu kikakaribia, kikakaribia, kikawa kikubwa katika kioo kama mdomo wa kisima, na honi ikasimama ukingoni mwake. Kidole cha shahada kikaja taratibu kuisukuma. Ndipo kibano, msaliti, kikateleza.

*Ping.*

Ilikuwa sauti ndogo mno, lakini mwenye kuijua sauti hiyo damu yake husimama. Tokuji hakupepesa macho. Akaitazama meza. Haipo. Akaitazama mikeka, mikeka minane iliyofumwa kwa manyasi, kila mmoja una mifereji elfu, na kila mfereji ungeweza kuficha honi za taifa zima.

"Mama Chizuru," akasema kwa sauti ya mtu aliyezingirwa, "usitie mguu humu."

"Imeruka?"

"Imeruka."

"Ee Mungu wangu. Ngoja nivue soksi."

Ndivyo Fusae alivyoingia vitani. Akavua soksi yake ndefu nyepesi, akaivisha mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi ili kinachonaswa kisimezwe, akapiga magoti. Wakasonga bega kwa bega, mume akimulika tochi kwa ubavu ili kila kichembe kitupe kivuli, mke akivuta, mkeka kwa mkeka, kama majeshi mawili yakichana msitu. Na mateka walikuwa wengi! Ukucha. Punje tatu za wali. Gurudumu lililopotea wakati wa mvua za mwaka jana. Abiria mmoja mwenye kofia, aliyetoweka tangu majira ya kuchipua, akatoka bila mguu lakini na heshima zake zote.

"Huyu si yule uliyemlaumu mwanao kwamba kamkanyaga?" akauliza Fusae.

"Nitampigia Chizuru nimwombe radhi."

"Utampigia leo leo."

Honi haikuwamo. Saa tatu na dakika ishirini simu ikalia tena.

"Imepotea, siyo?" akasema Munakata, na safari hii hakucheka. "Nasikia mashine. Sikiliza, Hanezawa. Weka tone la rangi ya kijivu pale paani. Nani ataona? Vikongwe wenyewe wameacha miwani nyumbani."

Jaribu lile lilikuwa tamu. Chupa ya rangi ya kijivu ilikuwa pale, shingo wazi, inasubiri. Tokuji akaifunga kifuniko.

"Daktari," akasema, "katika miaka thelathini na minane sikuwahi kuondoa stesheni gari lisilo na honi. Kwenye kona ya mto kuna kivuko cha watoto wa shule. Nilipiga pale kila siku."

"Hicho kivuko ni cha kadibodi, ndugu yangu."

"Na watoto wake nimewapaka rangi mmoja mmoja. Leta risasi yako."

Akaiweka simu chini. Mabega yake, yaliyobeba msimu wa theluji baada ya msimu, yakashuka. Akachukua kiberenge kukirudisha katika sanduku lake, na Fusae, aliyekuwa bado magotini na soksi mkononi, kwa mara ya kwanza akakitazama karibu. Ndani, dirisha la tatu, ameketi mwanamke mdogo kama mbegu ya ufuta, kitambaa cha zambarau kichwani, furushi mapajani.

"Huyu nani?"

"Abiria."

"Baba Chizuru. Hiki kitambaa changu."

"Ulikuwa unakaa hapo," akasema Tokuji, akikitazama kisanduku. "Dirisha la tatu. Saa nne na dakika kumi na mbili. Mwaka mzima, kabla sijathubutu kukusalimia."

Fusae akasimama, akapangusa magoti, akatamka tamko ambalo kwa haki lingechongwa kwenye jiwe: "Mimi sipandi gari ambalo halijakaguliwa. Mzee, vaa kofia yako. Kagua kama ulivyokuwa ukikagua. Kwa kidole."

"Na sheria?"

"Sheria niliweka mimi. Kagua!"

Tokuji akavaa kofia ya zamani iliyofifia nembo. Akasimama wima hata kisogo kikagusa miaka ya ujana wake. Akanyoosha mkono wa kulia, kidole mbele kama mkuki, na sauti iliyofungiwa miaka tisa ikatoka na kutikisa vikombe kabatini.

"Taa za mbele, nzima! Sawa! Milango, imefungwa! Sawa! Abiria wa dirisha la tatu, ameketi! Sawa! Honi..."

"Usiushushe huo mkono!" akapiga kelele Fusae.

Shujaa akaganda.

"Usipumue. Usipepese. Baba Chizuru, we mzee kipofu, unatembea na honi yako saa nzima!"

Naam! Pale, pembeni mwa ncha ya kidole cha shahada, katikati ya magamba ya gundi kavu ambayo kila mjenzi wa reli ndogo huvaa kama pete, ilikuwa imesimama honi, imenata wima, imeelekea mbele, tayari kwa safari. Kidole kilichokwenda kuisukuma ndicho kilichoiteka. Nacho tangu hapo kilishika tochi, kikashika simu, kikakuna kichwa, wala hakikunyooshwa, kwa sababu sheria ilikataza.

Fusae akakimbilia chumbani akarudi na kibano chake cha kung'olea nyusi, silaha ambayo Tokuji hakuwahi kuruhusiwa kuigusa. Mikono ya Fusae ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Akaichomoa honi pamoja na kipande cha ngozi ya mume wake.

"Aa!"

"Dereva halii."

Akaichovya. Akaivusha. Akaishusha kitunduni. Ikaingia, ikasimama. Saa ukutani ilionyesha saa tatu na dakika hamsini na moja.

Jinsi walivyokimbia kilima cha kwenda ukumbini, mume na sanduku kifuani, mke na matonge ya wali begani, hilo wacheni nilifupishe: walifika. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mezani, mwanzoni mwa reli, pua ndefu ya risasi ilikuwa tayari inanusa stesheni. Munakata akavaa miwani yake ya kukagulia meno, akainamia kiberenge, akalichunguza paa kwa muda ambao ukumbi mzima ulizuia pumzi.

"Ipo," akasema. Kisha akaikamata risasi yake, mabehewa yote kumi na sita, akaiondoa njiani kwa mikono yake mwenyewe. "Na imesimama wima kuliko jino lolote nililowahi kupandikiza. Nani kaiweka?"

"Dirisha la tatu," akasema Tokuji.

Akanyoosha kidole chenye kidonda. "Njia, wazi! Sawa! Saa nne na dakika kumi na mbili! Ondoka!"

Kiberenge namba tano kikatikisika, kikaondoka. Kikapita ghala la mchele, magurudumu yakalia kidogo kwenye daraja la kadibodi, kikaikaribia kona ya mto na watoto wake wa rangi. Hapo ukumbi wote ukakumbuka jambo moja: honi ya ukubwa ule haina sauti. Na kivuko kinakuja.

Ndipo Munakata, mpasua fizi, adui wa asubuhi nzima, akazungushia mdomo mikono yake miwili, akafunga macho, akapiga:

"Pwaaaaaa!"

Na vikongwe hamsini wa bonde la Orisaka, ambao sauti ile waliiamkia maisha yao yote, wakaitikia kwa pamoja, "Pwaaaaaa!", hata madirisha yakatetema na mwenye zamu ya chai akamwaga birika.

Safari ilikuwa mita nne, ikachukua sekunde thelathini na nane. Katibu wa mtaa akaandika katika daftari la maonyesho: *Imeondoka kwa wakati.* Majemadari na wawe na sanamu zao za shaba. Orisaka ina mstari ule, umeandikwa kwa wino.

Na adhuhuri, walipokuwa nyumbani, Fusae alibandika birika, akatazama huku na huku, akanyoosha kidole.

"Gesi, inawaka!"

Na kutoka chumba cha pili, kwa sauti iliyotikisa vikombe, shujaa akajibu:

"Sawa!"