Wimbo wa Langoni Uliokataa Kuisha

Jumapili, 10 Agosti 2025

Leo nimezaliwa upya. Si kanisani. Kwenye simu ya Musab, fundi cherehani tunayepakana naye hapa Kaptembwo. Yeye alikuwa na bando, mimi sikuwa nalo. Video: mwanamke ameketi mbele ya kompyuta, anaandika mistari ya maneno, na kila mstari unageuka muziki. Anabadilisha namba moja, ngoma inabadilika palepale, bila kusimama. Hana gitaa. Hana kinanda. Kuandika tu! Mimi natengeneza simu na kompyuta. Kibodi ninazo tisa.

Jumamosi ni ruracio ya dada yangu Shiru, nyumbani kwa wazazi kule Bahati. Wakwe wanaleta mahari. Muziki amepewa binamu yetu Mbugua na gitaa lake. Mbugua tena! Alipiga kwa harusi ya binamu yetu Sue, akapiga kwa ubatizo, angepiga hata ng'ombe wakichanjwa. Shiru ni dada yangu wa pekee na ninampenda. Nataka wakwe wafunguliwe lango kwa wimbo wangu. Si wa Mbugua.

Jumatatu, 11 Agosti

Programu ya yule mwanamke ni ya bure. Masomo ni kumi. Nimemaliza mawili. Nimerekodi cherehani ya Musab, tiki-tiki-tiki, sasa ni kayamba. Musab anauliza kama jina lake litatajwa. Nimemwambia tutaona.

Mbugua alileta simu yake nimbadilishie kioo. Akasimama mlangoni, akasikiliza kazi yangu kwa makini, akauliza, "Boss, hiyo ni kompyuta ama ni posho mill ya kusaga unga?"

Simu yake itakuwa tayari Jumapili.

Jumanne, 12 Agosti

Bahati imenifuata yenyewe. Kipkemboi, mchumba wa Shiru, amenipigia akiwa na wasiwasi. Watu wake wanatoka Londiani, hawajui nyimbo zetu za langoni. Ruracio ni hivi: wageni wanaimba nje, wanawake wa nyumbani wanajibu ndani, na lango halifunguliwi mpaka wimbo uishe na wanawake waridhike. Sasa kuna Kogo, nyanya yake. Miaka themanini na miwili, goti bovu, na ameapa kuingia kwa wakwe kwa miguu yake. Akisimama sana juani ataanguka.

Nikamwambia asijali. Kompyuta itawaimbia. Dakika tano.

"Bro, tano kweli?"

Nikaapa. Kisha nikamwambia Shiru kwamba Kipkemboi mwenyewe ameomba kompyuta. Kipkemboi nilikuwa nimeshamwambia kwamba aliyeiomba ni Shiru. Mapenzi ni kusikilizana, kila mmoja akamkubalia mwenzake. Mbugua ameambiwa atapiga baada ya chakula, watu wakiwa wamelala kwenye viti. Kichwa ninacho!

Alhamisi, 14 Agosti

Bando la Musab limeisha nikiwa somo la sita. La saba linaitwa "Jinsi ya Kunyamazisha". Si muhimu. Kwanza sitaki wimbo wangu unyamaze. Ukinyamaza kidogo tu, Mbugua ataingiza gitaa. Nimeuandika ujirudie.

Nilienda Bahati kurekodi beberu wa mama. Dakika arobaini kabla hajasema "mee". Alilamba simu mara sita. Tata Joan, mdogo wa mama na mkuu wa lango siku ya Jumamosi, akatoka na mwiko kuuliza kwa nini ninamhoji mbuzi. Nikasema ni sanaa. Akasema beberu naye anaonekana kuchoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Ninaandika jua likizama, miguu kwenye beseni la maji moto. Nitaeleza yote.

Saa tano asubuhi. Runinga ya mama imetolewa sebuleni hadi langoni, na kitambaa chake cha kufuma juu, ili watu waone maandishi yangu. Spika mbili. Wageni wakafika, nyuma yao pikapu ya mbuzi kumi. Nikabonyeza.

Mungu wangu, ilikubali! Ngoma, kayamba ya cherehani, besi. Wanawake wetu wakaimba, wale wa nje wakajibu kwa Kikalenjin juu ya ngoma ileile, na vikaingiana kama ugali na sukuma. Dakika ya tatu nikaingiza mbuzi. Mbuzi wote kumi kwenye pikapu wakaitikia! Sikulipanga hilo. Nilipunga mkono kama niliyelipanga.

Dakika ya tano. Wakati wa kumaliza. Hapo ndipo nilipokumbuka somo la saba.

Nikafuta mistari yote. Runinga ikabaki nyeupe. Muziki ukaendelea! Kumbe kufuta maandishi si kuzima. Kompyuta inashikilia amri ya mwisho mpaka uipe nyingine. Nikairudisha mistari. Nikaandika "simama". Nikaandika "tafadhali". Kidole kikagusa namba ya ngoma, kasi ikawa maradufu, na wajomba wa Kipkemboi wakavua makoti.

Dakika ya ishirini. Nikashika waya niuchomoe. Tata Joan akanipiga mkono kwa mwiko. Wimbo wa langoni haukatwi, akasema, ukiukata umekata ndoa. Hakuna aliyewahi kuisikia mila hiyo. Lakini Tata Joan akishasema mbele ya watu hamsini, inakuwa ya tangu mababu.

Dakika ya arobaini. Kupitia vyuma vya lango nikamwona Kogo. Alikuwa ameegemea bega la Kipkemboi, mguu mmoja hewani. Walimletea kiti akakikataa, eti hawezi kukaa nje ya boma la wakwe kama muuza njugu. Kipkemboi alinitazama tu. Simu yangu ikalia, ujumbe wa Shiru, aliyekuwa amefichwa chumbani na wasichana wenzake: "Naftaly, nyanya ya watu akianguka huko nje, usiniite dada tena."

Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Nikamwita Mbugua. Ndiyo, nimeandika: nikamwita Mbugua. Akaja na gitaa lake, akacheka kidogo tu, kidogo kuliko ambavyo mimi ningecheka. Akafumba macho, akasikiliza.

"Usizime, bro. Punguza. Toa kimoja kimoja, wamama wazoee."

Mbugua kompyuta hajui hata kuiwasha. Wimbo anaujua. Nikaandika sifuri kwenye sauti ya mbuzi, nikabonyeza. Mbuzi akanyamaza, ingawa wale wa pikapu waliendelea. Sifuri kwenye cherehani. Sifuri kwenye besi, na Mbugua akaingiza gitaa taratibu palepale besi ilipokuwa. Watu walikuwa wanaziona sifuri kwenye runinga, wakashangilia kila moja kama bao. Ikabaki ngoma tupu. Wanawake wa ndani na wa nje wakaipigia makofi, wote pamoja. Nikaandika sifuri ya mwisho. Ngoma ikaisha, makofi yakabaki, na hakuna aliyegundua. Wimbo waliumaliza wenyewe.

Vigelegele! Lango likafunguliwa. Kogo akaingia kwa miguu yake, polepole, hataki kushikwa. Neno lake la kwanza, Kipkemboi akitafsiri, lilikuwa kuuliza yule mbuzi wa kwenye spika yuko wapi, maana ndiye aliyemfanya asahau goti.

Nililia kidogo. Moshi wa nyama.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari kwa kina jinsi jana ilivyofaulu. Sababu ni mimi.

Shiru amenikumbatia, kisha akanifinya. Tata Joan amewatangazia wanawake nje ya kanisa kwamba wimbo wa langoni huchukua dakika hamsini, ndiyo mila. Kipkemboi amepiga simu: Londiani wanataka muziki ule kwenye harusi Desemba, kwa sharti kwamba Mbugua awepo. Sawa. Kila msanii mkubwa huwa na msaidizi. Nitamwambia Mbugua nikimpa simu yake, labda Jumatano.

Mpango mpya: spika sita, mistari arobaini, mbuzi watatu, jogoo mmoja. Musab amenigawia bando, kwa sharti jina lake litajwe. Tutaona. Nimefungua masomo. La saba, "Jinsi ya Kunyamazisha", nimeliruka. Nani humwita mwanamuziki aje anyamaze?

La nane linaitwa "Jinsi ya Kuongeza". Hilo nimelianza.