Katambuga ya Wilibrodi Kwenye Foleni ya Kasesya

Nyamazeni, enyi mliokanyagwa vidole katika foleni za dunia, niwasimulie vita vya Kasesya, mpakani na Zambia, ambako Wilibrodi wa Pito, mkulima wa ulezi, baba wa mabinti wanne, aliipigania nafasi ya tano.

Alifika alfajiri, akaiweka katambuga yake ya kushoto, kiatu cha tairi, nyuma ya mawe mawili, ndoo na kofia, kama ilivyo desturi ya pale: kitu chako kikisimama, umesimama wewe. Kisha akaenda kunywa chai. Ng'ambo, huko Mbala, mjukuu wake wa kwanza alikuwa abatizwe saa nane, na gari la kwenda huko lilikuwa liondoke saa sita. Padri hamngoji babu.

Ndipo akaja mbwa, mporaji asiye na pasipoti, akaibeba katambuga kwa meno, akapita chini ya kizuizi, akatokomea Zambia.

Wilibrodi aliporudi alimkuta Cornelia, muuza nyanya, jabali la Mazwi, amesimama mahali pake.

"Mama, hapo ni pangu."

"Kwa alama gani?"

"Katambuga."

"Imeshavuka, tena bila kugongewa muhuri. Ifuate, baba. Au nenda mkiani."

Foleni ikacheka. Kufika mkiani ni watu arobaini, na saa ilikuwa tano na robo, dirisha la muhuri ndiyo kwanza linafunguliwa.

Shujaa hakutukana. Aliivua katambuga ya kulia, akaiinua kama ngao mbele ya jeshi lile.

"Enyi wana wa nchi mbili! Hii na mwenzake nilizikata kwenye tairi moja la trekta, kwa kisu changu! Mama, inua mguu."

"Niuinue kwa nini?"

"Umemkanyaga shahidi."

Cornelia akauinua. Vumbini palikuwa na alama ya tairi, nusu imefutika, nusu ingalipo. Wilibrodi akailaza katambuga kando yake. Meno yakalingana mstari kwa mstari.

Ndalahwa, mfugaji aliyekuwa nyuma yao, akainama, akahukumu: "Mimi nimefuata nyayo za ng'ombe walioibwa tangu utotoni. Huyu alikuwa hapa. Mpishe, mama."

"Haya, pita," akasema Cornelia. "Lakini wewe na mbwa yule mnajuana."

Saa tano na dakika hamsini muhuri ukashuka kwa kishindo. Na iandikwe popote yaandikwapo makuu: siku hiyo Wilibrodi wa Pito aliingia taifa jingine akiwa wa tano, mguu mmoja peku, na padri wa Mbala alipouliza ni nani waliomleta mtoto huyu, sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya babu yake.