Mikungu ya Kemuma

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya soko, Daraja Mbili. Kemuma, jirani yangu wa kibanda, ametundika kibao: WASTANI WA MKUNGU WANGU NI KILO 20. Wateja wote kwake. Kwangu nzi. Mpishi mkuu wa shule moja ya bweni anatafuta muuzaji mmoja wa ndizi kwa mwaka mzima. Alikisoma kile kibao mara mbili! Kilo ishirini? Uongo. Nitamuumbua.

Jumanne, 4 Machi
Kemuma alipokwenda kunywa chai nilipima mikungu yake mitano. Wastani kilo 16! Nikakimbilia kwa Mwalimu Mong'ina wa hesabu. Akauliza niliichaguaje. Nikasema nilichukua ile midogo. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Eti sampuli huchukuliwa bila kuchagua. Eti unaanza kwa kulikubali dai, kisha unauliza: kama ni kweli, matokeo haya ni ya nadra kiasi gani? Ameahidi kuja kupima mwenyewe. Nimemwalika mpishi. Aibu iwe hadharani.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu akaipa mikungu yote namba, akachomoa vikaratasi kumi kwenye kofia. Wastani: kilo 19.4. Haifiki! Nilipiga kelele soko zima likageuka. Mwalimu akasema mikungu hupishana kwa kilo mbili hivi. Pengo dogo namna hiyo hutokea hata dai likiwa kweli.

"Kwa hiyo umethibitisha ni ishirini?" nikafoka.

"Sijasema hivyo, Baba Ruth. Nimesema hatuna ushahidi wa kulikataa dai lake."

Mpishi akauliza: na yangu je? Ulimi huu! Nikasema ishirini pia. Wakapima kumi kwa kofia ileile. Kilo 17.1. Mwalimu akatikisa kichwa: kama kweli ingekuwa ishirini, matokeo kama haya hayatokei hata mara moja katika elfu. Dai langu limekataliwa. Shule ikaenda kwa Kemuma. Naye, kwa upole wake wa kuudhi, akaniletea chai na pole.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Kemuma amesimama kanisani kushukuru. Eti Mungu amembariki, hata ng'ombe wake hutoa wastani wa lita kumi kwa siku. Waumini: Amina! Lita kumi? Uongo mtupu! Nimepeleleza: ng'ombe ana homa tangu jana, hata majani hagusi. Kesho naenda na kipimo. Ee Mungu, homa isipungue mpaka Jumatatu.