Nimemtemesha Mama Mkwe Chai

Jamani, leo nimemfokea mama mkwe. Mbele ya baba mkwe. Na nina wiki tatu tu tangu niolewe hapa Kiranjeranje! (Mwali hata sauti yake haijazoeleka, tayari anafoka.)

Ilikuwa hivi. Asubuhi Bi Somoe, mama mkwe wangu, aliamka mgongo umekaza. Jana tulishinda tunapukuta ufuta. Nikampa vidonge viwili vya paracetamol, akameza na uji. Nikajiona mkwe bora Kilwa nzima.

Haijapita hata saa, akaingia jirani, Mama Hamisi. Kusikia kuna mgonjwa, akafungua pindo la kanga. Humo kuna duka zima!

"Shika hivi viwili vya pakiti nyekundu, vya mgongo. Na hivi viwili vya mafua, naona unapiga chafya." (Vumbi la ufuta hilo!)

Bi Somoe akatia vyote vinne mdomoni, akapiga funda la chai. Mimi nikaokota pakiti. Nyekundu: paracetamol. Ya mafua: paracetamol tena! Rangi mbalimbali, dawa ile ile, juu ya vile viwili vyangu. Na ikizidi inaharibu ini. Nilishikwa na hofu, adabu yote ikayeyuka.

"MAMA, TEMA! TEMA HARAKA!"

Kama namfokea mtoto aliyekula udongo. Bi Somoe akashtuka, akatema. Wapi? Kwenye kanzu ya baba mkwe, aliyekuwa anapita mbele yake! Nyeupe, imepigwa pasi, ameivaa mapema kwa ajili ya Ijumaa!

"Lahaula!" akasema baba mkwe. "Huko kwenu Rondo ndivyo mnavyoishi na wakwe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikurudi nyuma. Nikampa pakiti. Akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Halafu akahesabu vidonge vilivyoganda kwenye kanzu.

"Vinne. Vyote vimetoka. Alhamdulillahi." Akaenda kubadili nguo.

"Nilidhani kila rangi ina kazi yake," Mama Hamisi akasema, akifunga kanga polepole.

"Na mgongo wangu?" akauliza Bi Somoe.

"Subiri baada ya adhuhuri, mama. Viwili tu."

Akanishika mkono. "Mwanangu, usingefoka ningeshavimeza." Nilifurahi hadi machozi!

Jioni hii nimemsikia akiita uani kwa jirani: "Mama Hamisi! Umemeza nini leo? Sema, au namleta mkwe wangu akufokee!"

Naombeni msicheke. Ndoa bado changa, na tayari nimepewa kazi ya kufokea mtaa mzima.