Mashine Isije Ikajifunza kwa Stephano

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja juu ya makala zangu, si juu ya cherehani ya mke wangu. Hata maji yana upendeleo.

Kaja hapa Morogoro msichana anaitwa Happiness, kutoka Dar es Salaam, wakala wa kampuni ya ng'ambo inayotengeneza mashine ya kuongea. Akili mnemba, wanaiita. Alinipa shikamoo ya kupiga goti, nikajua anataka kitu. Kampuni inatafuta leseni: mwandishi airuhusu ichukue kazi zake zote na kuilisha mashine, ijifunze Kiswahili cha watu. Kila mkoa mwandishi mmoja tu.

Nikacheka! Mimi, Castory, niliyewaandika magazetini miaka miwili mfululizo! Wezi wa maneno! Wameshavuna shamba zima usiku, sasa wanarudi mchana kupiga hodi na kuuliza mwenye shamba ni nani. Nikamwambia hata wanifunge kamba sitii saini.

Akasema samahani baba, hakuja kwa ajili yangu. Alitaka kuelekezwa njia ya Kinole, kule milimani, kwa mzee Stephano.

STEPHANO! Mkulima wa ndizi na mdalasini! Mtunzi wa michezo ya kuchekesha ya kigangoni! Mtu aliyewahi kuandika beti tisa za kumsifu mbuzi!

Nikamwelekeza njia ndefu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetafakari. Kumbe kukataa ni ubinafsi. Mtoto wa Gairo ataiuliza mashine maana ya haki, nayo itamjibu kwa ulimi wa Stephano. Taifa linaangamia, mimi nimekaa nalinda usafi wa mikono yangu! Haiwezekani. Lazima niingie ndani ya mashine, niilinde kutokea huko huko.

Nilimweleza Lucy, mke wangu. Hakutoa hata mguu kwenye pedeli. Akasema, "Baba Innocent, jana walikuwa wezi. Leo unaomba kazi ya kuwashikia tochi?"

Mwanamke mwema, lakini siasa hana.

Nimempigia Happiness. Amefurahi. Sasa tuko wawili, kampuni itachagua. Kanisomea mkataba kwenye simu: wanapewa haki zote, za leo na zitakazobuniwa baadaye, duniani na kwingineko. Lucy akauliza kwa sauti kwingineko ni wapi, toharani? Nikakata simu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Kikwazo. Kampuni imetapeliwa mno. Watu wameiuzia maandishi yaliyoandikwa na mashine yenyewe, ikawa inakula matapishi yake. Kwa hiyo sasa kila mwandishi alete shahidi asiye ndugu, anayemfahamu kwa miaka mingi. Shahidi atarekodiwa akieleza kwamba mwandishi ni mtu kweli, na kwamba ameandika mwenyewe.

Rahisi, nikadhani. Mji mzima unanijua.

Nimeanza na padri, baada ya kupakwa majivu. Akanikumbusha makala yangu kuhusu vipaza sauti vya kanisa. Nikaenda kwa mkuu wa shule. Yeye alinikumbusha "Mkuu wa Shule Asiyesoma". Mwenyekiti wa mtaa alinichungulia dirishani, akamtuma mkewe aje aseme amesafiri. Yule mhadhiri wa chuo kikuu bado anaandika majibu ya makala yangu ya mwaka 2016, hataki usumbufu mpaka amalize.

Ndiyo gharama ya kusema ukweli. Nimerudi nyumbani na majivu usoni na miguu imelowa. Mji mzima unanijua, naam.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Mbona sikuliona? Kuna mtu mmoja asiyeweza kuninyima. Stephano mwenyewe! Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Mimi nikifa, yeye ndiye atakayenichimbia kaburi na kuvaa kofia yangu msibani akiniigiza ninavyotembea. Mtani hamnyimi mtani. Na mtani hamkasirikii mtani, kwani akikasirika analipa faini ya jogoo.

Nikapanda Kinole kwa bodaboda. Tumeanguka kwenye tope mara moja, dereva akasema ni njia, mimi nikasema ni serikali.

Mpango ulikuwa na ncha mbili. Kwanza nimtoe kwenye mashindano. Nilimsomea makala zangu zote dhidi ya mashine, barazani kwake, huku akimenya mdalasini. Nikategemea ubishi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimemshawishi. Hasaini. Maneno yake yatabaki Kinole na ndizi zake.

Miaka thelathini ya kuandika, huyu ndiye mtu wa kwanza kushawishika!

Ndipo nikamwomba awe shahidi wangu. Akaacha kumenya. Akauliza kama amesikia vizuri: mashine ni sumu kwake, ila kwangu ni uji? Nikamweleza habari ya mlinzi wa ndani. Akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Akasema, "Mlete huyo binti kesho, wewe mzoga. Nitakusema hadi uone haya."

Rafiki wa kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kuu! Happiness ameweka simu juu ya kinu, Stephano akakohoa, akaanza.

Akasema ananifahamu vizuri kwa sababu alinizika mwaka juzi, huyu anayetembea ni mabaki yaliyokataliwa na ardhi. Akasema sijawahi kuandika hata mstari mmoja: huwa namwaga wino sakafuni, kuku wanapita juu yake, Lucy anaokota karatasi na kupeleka gazetini. Akasema niliwahi kuiba mbuzi wa ukoo wake, nikamvalisha kanzu ya padri, nikampeleka komunyo. Akaeleza ninavyokula, ninavyokoroma, na jinsi nilivyoposa nikiwa nimejificha nyuma ya mama yangu. Dakika arobaini! Majirani walijaa. Mama mmoja akacheka mpaka akaukumbatia mgomba akilia.

Nilikuwa na machozi. Sijawahi kusifiwa namna ile. Mtu asiyekuthamini hawezi kukutukana dakika arobaini, atakutukana mbili na kwenda zake. Mwenyekiti wa zamani wa kijiji alipofariki alipata robo saa, na alikuwa na shamba la karafuu.

Happiness alifuta macho, akanivuta pembeni. Yeye kaelewa, utani hata kwao upo. Ila wanaochagua wako ng'ambo, utani hawaujui. Je, aongeze maelezo mafupi?

Nikapandisha sauti! Maelezo! Tangu lini heshima yangu ikahitaji mkalimani? Wao wametuletea vitabu vyao bila maelezo, tukajifunza wenyewe kwa viboko. Wakitaka Kiswahili, wachukue na mifupa yake! Hakuna maelezo!

Majirani wakapiga makofi. Akatuma ilivyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetangaza baada ya Misa kwamba mashine ya dunia itaongea kama mimi. Watu walitazamana. Mmoja akauliza kama itakuwa na kitufe cha kuizima. Wivu huo.

Jumatano, 12 Machi

Happiness amepiga simu. Nikamwambia aseme tu, mwanaume nimekaa.

Kampuni inatoa pole kwa kifo changu.

Wamesikitika kusikia nilizikwa mwaka juzi. Faili langu limefungwa. Kwanza, mwandishi ni marehemu. Pili, shahidi amethibitisha kwamba makala ni kazi ya kuku, na leseni ya kuku hawana utaratibu nayo. Tatu, linatajwa shauri la mbuzi, na mwanasheria wao hataki kuligusa. Ila wangependa kuzungumza na mjane, kama ndiye aliyekusanya karatasi.

Mjane yupo chumba cha pili, amecheka mpaka amejichoma sindano.

Si hayo tu. Ule ushahidi wenyewe umewapagawisha! Hawajapata Kiswahili kitamu kama kile mkoa wowote. Wanamtaka Stephano. Wanataka saa nyingi za sauti yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepanda Kinole kumwambia Stephano aliyostahili kuambiwa. Niliyasema yote, nimesimama katikati ya uwanja wake, kwa sauti iliyofika bondeni.

Alisubiri nimalize. Kisha akawageukia majirani, akawauliza kama wamesikia: mtani amekasirika. Wote wakaitikia wamesikia. Jogoo!

Sina jogoo. Nimenunua kwa jirani yake, kwa bei ya mtu aliyekasirika.

Nilipokuwa namkabidhi jogoo, kwa heshima zote kama desturi inavyotaka, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Kampuni imempigia simu asubuhi na amekataa. Makala zangu zimemwingia moyoni. Hatasaini kamwe, na ile sauti ya Ijumaa ameagiza ifutwe. Jina langu halitasikika ndani ya mashine hata mara moja.

Nilishuka mlima nimefurahi. Kufika mtoni nikaacha kufurahi.

Hata mara moja?

Ijumaa, 14 Machi

Sijalala. Karne ijayo mtu atauliza, Castory wa Morogoro alikuwa nani? Na mashine itajibu, simjui. Hainitukani, hainipingi. Hainijui! Kuna adui gani mbaya kuliko huyo? Hata mhadhiri wa 2016 ananichukia kwa jina kamili.

Lucy anasema nilale, yeye ananijua na inamtosha kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Kinole tena. Dereva wa bodaboda sasa ananiuliza kama nimeoa huko.

Nimemwomba Stephano asaini. Mimi! Nimemwomba! Akanisomea makala zangu, kwa kichwa, neno kwa neno: wezi, wanyonyaji, mwandishi anayetia saini ni sawa na anayeuza kaburi la mama yake. Kumbukumbu ya kutisha. Ikabidi nizipinge moja baada ya nyingine. Nilijipinga tangu asubuhi mpaka saa tisa, na kusema kweli nilikuwa mpinzani mgumu. Mwisho nikamwambia, Stephano, nisiposikika kwa kinywa chako sitasikika kabisa.

Alinitazama muda mrefu bila mzaha. Mara ya kwanza maishani. Akasema, "Basi, Castory. Nitasaini. Lakini ni juu yako."

Akanifafanulia: kila atakachorekodi kitanihusu mimi. Kulala kwangu, kula kwangu, ndoa yangu, yule mbuzi. Hana mada nyingine tamu.

Nikamkumbatia.

Jumatatu, 17 Machi

Amesaini! Happiness anasema wanafunzi wa dunia nzima watakuwa wanajifunza Kiswahili kwa habari zangu. Mashine itanijua kuliko padri anavyonijua. Ile sauti ya Ijumaa ilikuwa haijafutwa, na jaribio la kwanza limeshafanyika: wameiuliza habari za Morogoro, ikasema ni mji ulio chini ya milima ya Uluguru, na kuna marehemu mmoja anazurura humo.

Ushindi! Nimemshinda Stephano kabisa. Yeye ni mdomo tu, mimi ndiye habari.

Nimeketi mara moja kuandika. Kurasa sita, kwa mkono wangu, bila kuku. Nimezipeleka gazetini kabla ya saa sita, zitoke ukurasa wa mbele: "Msaliti wa Kinole: Mkulima Aliyeuza Lugha Yetu kwa Wezi". Nimemtaja kwa jina. Haiwezekani watu wa namna hii wanyamaziwe.