Unapita Bila Kupingwa, Ila Kwangu Hupiti

Nyumba ya kijani, Mtaa wa Plum,
Kata ya Tatu, Cawley, Michigan.

Kwa Mheshimiwa Raymond Gorczyca,
Meya wa Jiji la Cawley.

Mheshimiwa Meya,

Yah: Uchaguzi usio na mpinzani, na chakula kinachoharibika kwa sababu yake

Umepotea, Mheshimiwa. Umeadimika kama maziwa ya kuku. Theluji imeanguka ikayeyuka, ikaanguka tena, na uso wako sijauona ila kwenye gazeti la jirani yangu Dolores, nalo analifungia mabaki ya samaki. Juzi nilikukuta umekunjwa kwenye kichwa cha sangara, unatabasamu. Nilikufuta magamba usoni nikakuweka juu ya friji.

Najua barua ya kwenda kwa Meya huanza kwa heshima. Heshima nimekwisha kuitoa hapo juu, sasa tuzungumze. Mimi ni Stanisława Gorczyca, Stasia kwa wanaonijua, mkazi wa Kata ya Tatu tangu enzi kiwanda cha sukari kikitoa moshi, mpiga kura wa kudumu, na bibi yako mzaa baba, yaani Busia wako kwa Kipolandi chetu. Shule sikuikanyaga. Wenzangu walipokuwa darasani, mimi nilikuwa nimeinama kwenye shamba la viazi sukari. Kusoma nilijifunza kwenye vibao vya kampeni vinavyochomekwa kwenye majani mbele ya nyumba za watu. Kuandika ulinifundisha wewe, mezani kwangu jikoni, ulipoanza darasa la kwanza na mama yako yuko zamu kiwandani. Ulichora mstari, ukaniambia, "Busia, andika hapa, juu ya mstari, usidondoke." Neno letu la kwanza lilikuwa jina lako, maana wewe mwenyewe hukuwa unajua jingine. Kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, mlaumu mwalimu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Katika jiji hili, anayetaka umeya huja nyumbani kwa mtu. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na ndiyo maana tuliishika.

Herufi yangu ya kwanza ilikuwa P, ya Meya Pruitt. Bwana Ellsworth Pruitt alikuwa na biashara ya kuandaa maiti na kuzika, na kampeni zake zote alizifanyia misibani. Alilia kuwashinda wajane. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Mpigie tu, Stasia, ndiye atakayekufunga vifungo vya mwisho." Akatawala miaka na miaka kwa hofu hiyo peke yake. Lakini alikuja! Aliketi barazani, akala, akauliza mgongo wangu unaendeleaje. Nilijua ananipima urefu kwa macho, na bado nilifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

2. H niliipata kwa Meya Halvorsen. Huyu alikuwa mtu wa lami. Mwaka wa uchaguzi lami ilimwagika Cawley kama uji kwenye sherehe. Halafu akagundua kwamba nyumba za upande wa kushoto wa Mtaa wa Plum zina vibao vya mpinzani wake, basi akaweka lami upande wa kulia tu. Madereva wa kwenda na wa kurudi wakawa wanapita upande mmoja, wakitukanana kwa Kipolandi na Kiitaliano. Mwezi haukuisha, watu wa kushoto wakang'oa vibao vyao na kuchomeka vya Halvorsen. Wakapata lami. Watu wa kulia kuona vile, wakahamia kwa mpinzani ili wabembelezwe na tabaka la pili. Wakalipata. Hiyo ndiyo demokrasia niliyoikuta mimi, na haikuwa na shimo hata moja.

Leo mbele ya nyumba yangu kuna shimo. Watoto wa mtaa wamelipa jina: Ziwa Gorczyca. Bata wamehamia, na Dolores anasema jike ana dalili zote za kuatamia. Babu yako alilibeba jina hilo kutoka ng'ambo ya bahari bila kulilowesha, na sasa linaogelewa.

3. Wako wanaosema wagombea wakizidi huleta fujo. Ndiyo, huleta. Kuna mwaka waligombea akina Walter Novak wawili. Mmoja wakili, mwenye picha kubwa barabarani. Mwingine kinyozi wa pale karibu na kanisa, aliyeingia kwa sababu ya ubishi wa baa. Karatasi ya kura ikaja na Walter Novak juu na Walter Novak chini. Sisi watu wa Cawley tukajiambia, mtu mkubwa hukaa juu. Kumbe juu ni kinyozi. Akashinda.

Alilia kutwa. Mkewe akamwambia, "Walter, amka uende kazini, umechaguliwa." Naye akajibu, "Hawakunichagua mimi, mwanamke, wamemchagua yule mwingine!" Mwishowe akakibeba kiti chake cha kunyolea akakipeleka ofisi ya meya. Ukiwa na shida unakaa, unafungwa shuka shingoni, unaisema shida yako huku wembe uko kooni. Hakuna aliyemdanganya. Hatujapata meya bora kuliko yule, na uniwie radhi kwa kukwambia.

Kwa hiyo fujo ya wagombea ilitupa kinyozi, na utulivu umetupa bata.

4. Sasa nakuja kwako wewe. Uchaguzi wako wa kwanza ulikuwa mkali, yule mama wa duka la maua alikubana ukabanika. Ulitembea nyumba kwa nyumba mpaka soli zikaisha. Asubuhi hiyo mimi niko jikoni nakanda unga, nasikia kengele ya mlango wa mbele. Moyo ukanilipuka. Wewe unajua, na kila aliyezaliwa Kata ya Tatu anajua, kwamba mlango wa mbele si wa watu. Ni wa polisi, wa padri mwenye mafuta ya wagonjwa, na wa wagombea. Watu wanazunguka nyuma, wanaingilia jikoni, wanasema wana njaa. Nikajifuta mikono, nikausukuma mlango kwa bega maana ulikuwa umekwama tangu tulipomtoa babu yako. Ukafunguka. Nani kasimama pale na tai? Wewe! Ukaninyooshea mkono, ukasema, "Habari za asubuhi, mama. Naitwa Raymond Gorczyca, nagombea umeya, naomba kura yako."

Mundek! Jina lako la utotoni likanitoka.

Nilikujibu palepale, "Na mimi naitwa Stasia, nilikuwa nakupenga makamasi, naomba uvue viatu." Uliiva uso kama supu ya viazi vyekundu. Ukasema umebisha hodi milango mingi mno tangu kucha, nyuso zote zimekuwa uso mmoja. Nikakusamehe. Lakini viatu hukuvua, kwa sababu ndani hukuingia. Ulinipa karatasi yenye picha yako, ukakimbilia kwa Dolores.

Hata hivyo, nasema tena, ulikuja. Mgombea aliyenisahau alinifaa kuliko Meya anayenikumbuka huko aliko.

5. Ijumaa ya samaki ya Kwaresima, ukumbi wa chini wa kanisa. Nimekaa na sahani yangu, Dolores Wojtas anakuja mbio, kachumbari ya kabichi inamwagika njiani.

"Stasia! Hongera! Mjukuu wako anapita bila kupingwa!"

Nikamwuliza, "Anapita wapi?"

"Anapita! Hana mpinzani!"

"Kwangu hapiti."

"We mwanamke, mimi nakupa habari ya uchaguzi."

"Na mimi nakupa habari ya Jumapili. Kiti chake mezani kwangu kitupu."

Meza nzima ikageuka, hata mzee Kubiak, ambaye hasikii.

Usiku ule ndipo nilipoielewa siasa. Asiye na mpinzani hana sababu ya kubisha hodi. Mwaka huu hakuna vibao, majani ya watu yamebaki matupu, na mimi sina cha kusoma. Pierogi zangu, vile vijifuko vya unga vyenye viazi na jibini ndani, nilizokunja kwa msimu wa kampeni kama ninavyokunja kila msimu, zimejaa kwenye friza mpaka nyama imehamia kwa Dolores. Paka ameanza kuzikataa. Paka! Nikapiga simu ofisini kwako. Binti akaniuliza kwa adabu, "Ni kuhusu nini, mama?" Nikamwambia, ni kuhusu viazi na jibini, vinaharibika. Akaniunganisha na Idara ya Taka.

Kijana wa Taka anaitwa Desmond. Ana mama yake katika mji wa Toledo na humpigia simu kila jioni. Alikuja siku ya pili kuangalia hizo taka, akala sahani mbili, akanisogezea kabati, akaondoka na bakuli. Na alizunguka nyuma, Mheshimiwa. Hakuna aliyemwambia.

6. Kutokana na hayo, naiomba serikali yako ya jiji itekeleze yafuatayo, tena upesi, kabla bata hawajaangua.

Kwanza, uchaguzi wa meya ufanyike kila mwezi. Miaka minne ni mingi. Mimi hata ndizi mbichi siku hizi sinunui, nisije nikafa hazijaiva. Kila mwezi utakuja, utakula, utaomba kura, nami nitakwambia nafikiria.

Pili, meya akikosa mpinzani, jiji limpe mmoja, kama linavyogawa chumvi ya kuyeyushia barafu. Si lazima awe hodari. Awe tu na kibao, na awe anabisha hodi kwa watu siku moja kabla yako, ili ukifika ukute kiti bado kina joto na uone wivu.

Tatu, kwa kuwa najua utajibu kwamba muda wa kuchukua fomu umepita, nimekwisha kuulizia. Dolores ameniambia chini ya jina lako kwenye karatasi ya kura kuna mstari mtupu, ambapo mtu anaweza kuandika kwa mkono jina la mwingine anayemtaka. Basi mwingine huyo ni mimi. Nagombea, Mundek. Mpinzani wako umeshampata. Wacheza bingo wote wa Jumatano wako nyuma yangu, na kwaya ya kanisa, isipokuwa sauti ya pili. Dolores ndiye meneja wa kampeni. Kauli mbiu ameitunga mwenyewe: "Stasia: Atakuuliza Kama Umekula."

Ilani yangu ni fupi. Nitakuwa meya wa kwanza wa Cawley anayepatikana. Ofisi itahamia jikoni kwangu, kwa kinyozi Novak ilikuwa kiti, kwangu itakuwa meza. Mwenye shida atamenya viazi huku anaisema. Ukimaliza viazi na shida haijaisha, unaendelea na vitunguu, hapo hata mwongo analia. Kila mtu mzima mwenye bibi aliye hai atapewa ruhusa ya kazi ya kwenda kumwona, na asiyekwenda atafyekwa bajeti. Mlango wa mbele wa Jumba la Jiji utapigiliwa misumari. Watu watazunguka nyuma, na nyuma tutaweka jiko.

Nikishinda sitakuonea. Nitakupa Idara ya Taka, ufanye kazi chini ya Desmond, akufundishe kupiga simu.

Nategemea utanipinga kwa nguvu zako zote. Njoo unipinge hapa kwangu. Lete hoja, lete na mpiga picha ukitaka, nitamlisha naye, maana yule aliyesimama nyuma yako siku ile ya kengele alikuwa mwembamba mno.

Nisalimie Renata mkeo, mwambie lile koti la kijivu alilolisahau liko salama, limevaliwa mara chache tu. Wasalimie vitukuu wangu na uwaulize wananiitaje. Msalimie binti wa simu, sauti yake nzuri, ila aache kusema uko kikaoni. Hakuna kikao cha miezi. Msalimie na huyo mama wa duka la maua, umwambie alikosea sana kukata tamaa.

Ni mimi, mpinzani wako wa dhati, niliyekuvalisha soksi,

Stasia Gorczyca
Mgombea

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Dolores amekuja na karatasi ya mfano ili nifanye mazoezi ya ule mstari mtupu, maana jina likikosewa kura inaharibika. Sasa mimi nimeandika barua nzima kwa Meya bila kutetereka. Lakini nikawekewa mstari, nikaambiwa, "Stasia, andika hapa," nikaandika. Dolores akasoma, akasema, "Hili si jina lako." Nikatazama. Raymond. Akanipa karatasi nyingine. Raymond, na sikudondoka kwenye mstari. Ya tatu hakunipa. Amejiuzulu umeneja, kaondoka na kauli mbiu yake.

Basi sigombei. Na huo uchaguzi wa kila mwezi uache, utawachosha watu bure. Kura yangu unayo, ulikuwa nayo hata siku ile uliyokuja kuiomba kwa tai, kwa hiyo huna haja ya kuja kuifuata. Pierogi nitazitoa kwenye barafu Jumamosi jioni.

Jumapili, zunguka nyuma. Angalia usikanyage bata. Usibonyeze kengele, na usijitambulishe. Ingia tu.